Mkono Ulioumia kwa Jina Langu

Chumba cha nyuma ya duka la rangi
Jumanne, 14 Mei

Dada yangu, fundi wa mafundi,

Salamu nyingi kama kokoto. Nakuandikia nikiwa kwenye benchi la mpiga picha, saa nne asubuhi, nasubiri sura yangu itoke. Picha utaikuta humu ndani. Usishtuke, huyo mwenye kofia ngumu nyeupe ni mimi, mdogo wako uliyekuwa unamfuta kamasi. Kofia nyeupe huvaliwa na wakubwa tu. Ghorofa la nyuma yangu limechorwa kwenye pazia, lakini lile la kwetu ni refu zaidi, pazia lisingetosha.

Habari kubwa ni hii. Ijumaa nyapara alipita akiuliza nani anaijua mashine ya kukatia nondo. Watu wakatazama viatu vyao. Mimi nikamwambia mashine hiyo nimeiendesha nchi tatu, na moja waliniomba nisiondoke. Akaandika kwenye kadi yangu, kwa kalamu ya wino: fundi mashine. Unaona dada? Shule niliikimbia, lakini mdomo una cheti chake.

Hapa mjini wananiita Winchi, kwa sababu nanyanyua mizigo kama ile mitambo mirefu. Mumeo wanamwita Kimya, na sababu unaijua wewe uliyeishi naye miaka saba.

Usimwonee huruma shemeji. Nilikwambia nilipomchukua kwamba mwanaume hawezi kukaa siku nzima na sindano akizungushia vitundu vya vifungo, watu wanacheka. Huku anakuwa mtu. Kadi ya getini tunayo moja, na kwa kuwa haina picha tunaitumia kwa zamu, leo mimi, kesho yeye. Ujanja wangu huo. Leo ni zamu yake, yuko kwenye matofali. Mimi injinia kaniambia nipumzike, kazi ya jana ilimfurahisha mno.

Itundike picha juu ya cherehani, pale wateja wanaposimama kupimwa.

Wako,
Winchi, Fundi Mashine Mkuu


Nyumbani
29 Mei

Mdogo wangu,

Picha imefika na nimeitundika ulipotaka. Mama mmoja aliyekuja kupunguziwa sketi ameniuliza kama huyo ni mbunge. Nikamwambia ni mdogo wangu, ana maneno kama mbunge lakini anafanya kazi. Umependeza, ila shati limekubana kwapani. Nani alikushonea hilo?

Sasa sikiliza. Mume wangu hajaniandikia wiki mbili. Wewe ukinyamaza wiki mbili nitajua umelala. Yeye anaongea kidogo lakini barua haachi, kila Jumapili, mistari yake kumi imenyooka kama upindo. Jumapili mbili hakuna kitu. Usiniambie nipige simu ya dukani kwa jirani, mambo ya nyumba yangu siyasemei mbele ya mizani ya sukari.

Mwambie shule imeleta kazi, mashati arobaini ya wanafunzi. Nimekata, nimeshona, nimefika kwenye vifungo nimesimama. Vitundu vyangu vinatoka kama midomo ya samaki. Vile vyake mtoto anavaa shati miaka mitatu uzi haujafumuka. Wanaocheka mwanaume mwenye sindano waje wajaribu kimoja.

Niandikie ukweli, ni mzima?

Dada yako


Chumba cha nyuma ya duka la rangi
6 Juni

Dada mpendwa,

Pole kwa mawazo. Shemeji ni mzima, anakula, analala, anakoroma hadi mwenye nyumba anadhani tumeleta mashine chumbani. Hajaandika kwa sababu amepata mchubuko kidogo mkononi. Siku ile alikuwa anapita karibu na mashine yangu, nondo ikateleza, ikamgusa. Bahati nilikuwepo. Nilizima kwa mkono mmoja na wa pili nikamvuta shati, na wote pale wakasema bila Winchi leo tungezika mtu. Sipendi kujisifu, unanijua, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kafungwa bandeji. Mkono upo. Mashati yasubiri kidogo.

Mimi mwenyewe nimepumzika kazi kwa muda ili nimhudumie. Namwogesha, namlisha, kila asubuhi namfunga vifungo vya shati. Ana vifungo vingi huyu mtu.

Winchi


Nyumbani
15 Juni

Mdogo wangu, mwana wa mama yangu,

Barua yako nimeisoma mara nne, mara mbili za mwisho kwa machozi. Nilikuwa nakuona mtu wa maneno, kumbe Mungu alikuweka pale kwa makusudi. Nimemwambia mama, na yeye amewaambia watu wote aliokutana nao njiani. Mzee wa nyumba ya tatu, aliyekuita debe tupu, amekuja kwangu kusimama mbele ya picha yako, akavua kofia.

Sina cha kukupa ila kazi ya mikono yangu. Kwenye furushi hili kuna shati. Nimelipima kwa macho kutoka kwenye picha na nimeachia kwapani. Vitundu vya vifungo ni vyangu, nivumilie. Livae Jumapili, ujue linatoka kwa mke uliyemrudishia mumewe.

Mwambie Kimya aniandikie hata jina lake tu.

Dada yako anayejivunia


Hospitali, wodi ya wanaume
27 Juni

Mke wangu,

Naandika kwa mkono wa kushoto. Mistari imepinda, samahani.

Niliumia Jumanne tarehe 14 Mei, kabla ya chai. Nilikuwa nakata nondo. Kidole cha shahada na cha kati vya mkono wa kulia havipo. Cha pete kipo. Gumba lipo lakini halikunjiki. Daktari anasema mshipa umejikaza. Ukifunguliwa kabla ya miezi mitatu gumba litarudi, baada ya hapo basi.

Operesheni ya kwanza walilipa wa kazini. Ya pili wamekataa. Kwenye faili wameandika kwamba aliyeumia ni fundi mashine, na kifuniko cha kinga alikitoa mwenyewe, kwa hiyo kosa ni lake. Faili limefungwa.

Jina kwenye faili si langu. Ni la mdogo wako, kwa ajili ya kadi. Muuguzi akiliita, naitika.

Usimkaripie. Ananihudumia vizuri. Ila siku hizi hasemi kitu, na mimi nimezoea kusikiliza.

Mashati ya shule mpe mtu mwingine.

Mume wako


Nyumbani
5 Julai

Kwako wewe,

Barua mbili ziko mbele yangu, zote nimezilaza kwenye meza ya kukatia. Moja ni ya mume wangu. Nyingine ni yako ya tarehe 14 Mei, saa nne asubuhi, benchi la mpiga picha.

Kadi ni moja, umeniambia mwenyewe. Mlikuwaje ndani wawili? Kama leo ni zamu yake yuko kwenye matofali, matofali yanakata vidole tangu lini? Na ulimvuta shati ukiwa wapi, kwenye pazia lenye ghorofa?

Nimekuvika kilemba kwa mikono yangu, nikaita majirani waje wakione. Kumbe ni cha ukoka.

Niambie mara moja, bila mzaha: kwa nini mume wangu alikuwa kwenye mashine?

Sijasaini kwa sababu sijui nijiite nani yako.


Chumba cha nyuma ya duka la rangi
20 Julai

Dada,

Barua hii nimeianza mara sita. Zote tano za kwanza zilikuwa na mzaha ndani, nikazichana.

Mashine ile sikuwa naijua. Sijawahi kuiendesha nchi tatu wala moja. Nilikuwa nimeiona ikifanya kazi, nikadhani kuona ni kujua. Jumatatu ya kwanza nondo zilikuwa zinakwama chini ya kifuniko, na watu walikuwa wanatazama, na nyapara alikuwa anasema harakisha. Nikakifungua kifuniko nikakiweka pembeni. Kweli ikaenda mbio. Watu wakapiga miluzi. Siku ile nilitembea kurudi nyumbani kama mtu aliyejenga mji peke yake.

Jumanne ilikuwa zamu yangu, si yake. Kazi ya mashine niliitaka yote, sikutaka kumwachia hata siku moja. Lakini mpimaji wa ujenzi alikuwa ameniazima kofia yake nyeupe kwa asubuhi moja tu, na nilitaka picha. Injinia hakunipa mapumziko, injinia alikuwa hata hanijui. Nikampa shemeji kadi. Akaniambia hajui kukata nondo. Nikamwambia hakuna cha kujua, kuna kitufe cha kijani na kuna chekundu. Akauliza kitu kimoja tu, na wewe unajua yeye haulizi bila sababu.

"Kifuniko chake kiko wapi?"

Nikamjibu, "Mashine haivai gauni, shemeji."

Vibarua waliokuwa getini wakacheka. Na yeye akatabasamu, akaingia. Asingeweza kukataa ndani, dada. Kadi ilisema ni fundi mashine, na nyapara husoma kadi, hatazami nyuso. Akisema hajui, wangejua kadi si yake, tungefukuzwa wote. Kwa hiyo alisimama pale akajifanya mimi. Nilipokuwa nakuandikia kwamba mdomo una cheti chake, mkono wake ulikuwa chini ya kisu cha mashine ile.

Watu husema ulimi uliponza kichwa. Wangu umeponza mkono wa mwenzangu. Kichwa changu kipo, kinakula na kunywa.

Tangu hapo natembea na mikono mifukoni. Si kwa majivuno. Kwenye makaratasi mimi sina vidole viwili, na nikipita karibu na geti naogopa karani asinione nina vyote. Hata kwa mwenye nyumba nikipokea kikombe napokea kwa mkono wa kushoto. Asubuhi naenda wodini namfunga shemeji vifungo, vidole vyangu vinahangaika kupitisha kifungo kwenye kitundu alichokishona yeye, yeye anatazama ukutani ananisubiri. Hajawahi kuniambia neno la lawama. Angenitukana ningemshukuru.

Shati lako lilifika. Nililivaa mara moja, mbele yake, kwa sababu aliniambia nilivae. Akalishika kola, akasema dada yako amejitahidi kwenye vitundu. Nikalivua. Limekunjwa kwenye karatasi lilelile.

Barua yako ya tarehe tano ilinikuta nikiwa tayari nimekwenda ofisi ya ujenzi mara mbili nikaishia mlangoni. Mara ya kwanza nilijiambia foleni ni ndefu. Mara ya pili hapakuwa na foleni, nikajiambia wamefunga. Mlango ulikuwa wazi.

Jana nimeingia. Palikuwa na vibarua kama kumi wanangoja kadi, ukumbi mdogo, kila mtu anamsikia mwenzake. Karani akaniuliza jina, nikalitaja. Akafungua faili. Akasoma, akaangalia mikono yangu niliyokuwa nimeiweka juu ya meza yake, akasoma tena. Akaniambia nimepona haraka sana. Watu wakacheka, na mdomo wangu, dada, ulikuwa na majibu matatu ya kuwafanya wacheke zaidi. Nikayameza.

Nikasema, "Jina ni langu. Mkono si wangu."

Kisha nikasema yote, kuanzia nchi tatu hadi gauni la mashine. Mwenye kofia nyeupe mwenyewe, yule mpimaji, alikuwa amesimama kwenye kona na karatasi zake. Karani akaniuliza kwa nini nilimwachia mtu asiyejua. Hapo nilitaka kusema nilikuwa mgonjwa. Nilitaka sana. Nikasema nilikwenda kupiga picha. Safari hii hakuna aliyecheka, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kicheko.

Akaitwa injinia. Nilidhani atanipigia polisi. Alinisikiliza hadi mwisho, halafu akamgeukia nyapara akamuuliza ni nani aliyenijaribu kabla ya kuniweka kwenye mashine, na ni nani aliyepita pale Jumatatu akaona kifuniko kiko chini akanyamaza. Nyapara akatazama viatu vyake, kama vibarua siku ile. Wakaingia chumba cha ndani, wakakaa sana. Waliporudi karani akaandika faili jipya, jina la shemeji, jina lake kamili, nikaona linavyopendeza likiandikwa. Operesheni itafanyika tarehe 29. Daktari amesema siku bado zipo, chache.

Kadi wamenichukua. Jina langu wamelibandika kwenye ubao wa getini, ule wa watu wasioruhusiwa kuingia. Vibarua wameniita Winchi miezi yote hii, sasa wananiita Picha.

Shemeji nimemwambia jioni hiyohiyo. Aliomba maji.

Mwambie mama ukweli. Na yule mzee wa nyumba ya tatu mwambie pia, alikuwa sahihi.

Mdogo wako


Nyumbani
11 Agosti

Mdogo wangu,

Amefika juzi. Ameshuka kwenye basi na begi begani, mkono kifuani, kachoka. Gumba linakunjika. Si sana, lakini nimempa kitambaa akakishika na hakikuanguka. Kikombe anashika. Mkasi anajaribu. Sindano hapana, na daktari amemwambia asijidanganye.

Mama nimemwambia. Alikaa siku nzima hakutoka nje, ile njia aliyokusifia hakuipita. Mzee wa nyumba ya tatu sikulazimika kumwambia, alimwona shemeji yako akishuka. Safari hii hakuja kutazama picha.

Picha sikuitupa. Nilitaka, nikaifikisha jikoni. Nimeirudisha juu ya cherehani, nimeigeuza. Nyuma yake mpiga picha ameandika tarehe kwa wino, na sasa wateja wanapopimwa wanasoma hiyo. Wanaoniuliza ni ya nini nawaambia ni siku ya familia yetu. Itabaki hivyo. Siku ukija usiiguse.

Nasema siku ukija kwa sababu nakuita. Usielewe vibaya. Sijakusamehe, na sijui kama hilo ni jambo linalofika kwa basi siku fulani. Nakuita kazini. Mashati ya shule sikumpa mtu, yako arobaini kwenye kapu, yana kola, yana mikono, hayana vifungo. Shule inafunguliwa mwezi ujao. Macho ya shemeji yako bado ni mazima, anajua kila uzi unapopita, kinachokosekana ni vidole. Wewe vidole kumi unavyo.

Utakaa kwenye kigoda chake, pale mbele, mlango ukiwa wazi. Watu watapita. Wale uliokuwa unacheka nao watakuona na sindano.

Nilipomwambia mpango huu alifikiri hadi chai ikapoa. Kisha akaomba kalamu. Maneno ya chini ni yake.

Dada yako

Shemeji, nitakufundisha. Ukiwa unashona usiongee.


Chumba cha nyuma ya duka la rangi
19 Agosti

Dada, na Shemeji,

Barua nimeipata leo asubuhi. Chumba nimekirudisha kwa mwenye nyumba, nguo zangu ziko kwenye mfuko mmoja, na shati lako liko juu yake, bado limekunjwa. Basi ni Alhamisi.

Kuna jambo naliandika mapema, kabla hamjanipa shati la mtoto wa mtu. Sijui kushona. Sijawahi kushika sindano, hata ya kutoa mwiba. Uzi sijui unaingiaje. Kitundu sijui kinaanzia wapi. Mkinipa kazi nikasema najua, msiniamini, ninyang'anyeni.

Nitakaa mnaponiweka.

Mdogo wenu